Mwiba Ndani ya Kiberiti

Kidole gumba cha mkono wangu wa kulia hakinyooki tena. Asubuhi nakiloweka kwenye maji ya moto, nakibembeleza kama mtoto asiyetaka kwenda shule, na kikifika nusu ya njia kinagoma. Majirani wanasema ndicho kilichonifanya niache kazi. Waacheni waseme. Sababu yenyewe Kabula, wa kwanza wenu, anaijua, maana alikuwepo, lakini hata yeye hajui ilianzia wapi. Nimeona niwaandikie ninyi mnaokalia vigoda vyangu sasa, kabla mkono haujaikataa na kalamu.

Kazi yangu ilikuwa kupaa samaki na kutoa minofu, kwanza Lamadi kando ya ziwa, kisha hapa nyumbani kwangu Bariadi, uani, juu ya meza ya saruji mnayoijua. Ni kazi isiyo na jina kwenye fomu. Nikiulizwa nilikuwa naandika "mkulima", mara nyingine "mfanyabiashara", na siku moja, nikiwa nimechoka na foleni, niliandika "kisu". Karani aligonga muhuri bila kusoma.

Lamadi sikwenda kutafuta kazi. Nilitoka kwetu Migato kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Migato ni nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe. Samaki tuliyemfahamu alikuwa kambare wa lambo na dagaa wakavu wa gulioni. Siku ya pili dada alinituma mwaloni, wanakoshushia samaki, nikamletee sato. Nilimpata sato, mzito, bado anafungua na kufunga mdomo kana kwamba kuna neno alilisahau. Pembeni walikaa wanawake safu moja, mabeseni mbele yao, magamba yamewajaa kwenye nywele yanameta. Nikaona aibu kurudi na samaki mzima nisiyejua nimfanye nini. Nikamsogelea mmoja, mnene, mwenye kitenge cha njano, ambaye baadaye nilimwita Mayu Ngolo, yaani Mama Ngolo kwa Kisukuma, kama wote walivyomwita.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Wa wapi wewe?"

"Migato."

"Migato!" Akawageukia wenzake. "Huyu ametoka kwenye ng'ombe. Mnamchinja samaki kwanza au mnamkama?"

Walicheka mpaka bata wakasogea. Kisha akanipa kijiko cha bati na kunionyesha kigoda kitupu. Nilianza kumparua sato kutoka kichwani kwenda mkiani, kwa upole, jinsi magamba yalivyolala. Hakikutoka kitu.

"Unampaa au unampapasa?" Mayu Ngolo aliuliza. "Anza mkiani, panda kichwani. Gamba halitoki kwa kusifiwa, linatoka kwa kupingwa."

Dada yangu alimpata sato wake baada ya saa mbili, akiwa amebaki na magamba ya kumtosha samaki mwingine. Kesho yake nilirudi mwaloni bila kutumwa.

Mayu Ngolo hakuwa mwalimu wa maneno mengi, na yale machache aliyatoa kwa ukali. Ndoo tatu, alisema: ya kwanza ya magamba, ya pili ya damu, ya tatu ya kusuuza, na maji ya kusuuza yakichoka yanashuka kuwa ya damu, ya damu yanashuka kuwa ya magamba, kamwe hayapandi. Nilipohamia Bariadi na kukutana na miezi ya kiangazi, wakati ndoo moja ya maji inagombewa kama urithi, nilielewa kwamba alikuwa amenipa zawadi. Mparue samaki akiwa amezama nusu ndani ya ndoo ya kwanza, magamba hayaruki. Toa mashavu yote mawili kwa mkupuo mmoja, kidole kikiwa kimeviringishwa kitambaa, kwa sababu mashavu yana meno. Tumbo lifungue kuanzia chini kwenda juu, ncha ya kisu ikitazama mbinguni, isitazame matumbo. Ule utando mweusi wa ndani usugue kwa chumvi mpaka utoke. Wengi huuacha, kisha hulalamika kwamba samaki ananuka tope.

Nyongo nilifundishwa siku nilipoipasua. Ni kifuko cha kijani kilichojificha nyuma ya ini, kidogo kama punje ya hindi, na kikipasuka kinaharibu kila kinachokigusa. Nilijaribu kufunika kosa kwa maji mengi. Mayu Ngolo alinishika mkono.

"Lamba kidole."

"Mayu, nimesafisha."

"Ndiyo maana nakwambia ulambe."

Nililamba. Ule uchungu ulikaa kinywani tangu asubuhi mpaka niliposahau ladha ya uji. Alikata kile kipande kilichopakwa kijani, akakitupa, akasugua palipobaki kwa chumvi na ndimu, akaniambia kwamba mteja hapaswi kulamba alicholamba fundi. Nimewapa wengi wenu dozi hiyo hiyo. Naomba msamaha, lakini si sana.

Kisu alinitengenezea mwenyewe. Kilikuwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kimesagwa mpaka kikawa chembamba na kinachopinda, mpini umefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kisu kigumu ni cha nyama. Cha minofu lazima kikubali kuinama, kifuate uti wa mgongo wa samaki kama mtu anayepita kwenye chumba cha mgonjwa. Unakata nyuma ya shavu mpaka uguse mfupa, unageuza makali, unaelekea mkiani, na unasikiliza. Ukisikia kisu kikikwaruza kidogo, kama kucha kwenye mkeka, uko mahali pako. Ukisikia kimya, unakata nyama. Ngozi unaitoa mwisho: vidole vyenye chumvi vinashika mkia, kisu kinalala, ngozi ndiyo inayovutwa.

Na kuna ukanda. Hapa nisikilizeni vizuri, maana habari yote iliyobaki imetoka hapa.

Mnofu wa sato ukiwa mezani unaonekana safi. Sivyo. Katikati yake, kuanzia upande wa kichwa mpaka karibu nusu, imesimama safu ya miiba myembamba ambayo macho hayaioni. Lazima ukate kila upande wa safu hiyo na kutoa ukanda wenye upana wa kidole cha mwisho. Ukanda huo una nyama, nyama tamu hasa, na ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu mwenye samaki anakuona unaiondoa.

"Usiuonee huruma ukanda," Mayu Ngolo aliniambia. "Wakilia, walie. Bora alie kwa nyama kuliko akohoe kwa mwiba."

Kwa desturi ya kile kigoda chetu cha Lamadi, kichwa, mifupa na ukanda vilikuwa vya msafishaji, mwenye samaki asipovidai. Tulisema mfupa ni wa kisu. Tuliondoka jioni na vichwa vyetu na mifupa yetu tukachemsha mchuzi mzito, na baadaye wanangu wote, akianzia Holo, walikua kwa mchuzi huo. Hakuna aliyenung'unika Lamadi. Lamadi samaki ni kama mvua. Hakuna anayehesabu matone.

Niliolewa na fundi baiskeli wa Bariadi, mtu mpole aliyenipa mipira mipya ya mpini kila ya zamani ilipochakaa, nikahamia kwake na desturi yangu ya mfupa. Wakati huo lami haikuwa imefika. Samaki walikuja kutoka Lamadi juu ya gari, kwenye matenga yenye majani na vumbi, na watu wa mjini waliwanunua kwa furaha kisha wakasimama nao jikoni kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Wa kwanza kuniletea alikuwa mwenye duka la vitambaa karibu nasi. Aliniambia mkewe ametoka pwani, anajua samaki wa bahari, lakini huyu wa ziwa anamchoma vidole. Mapezi ya mgongoni ya sato ni sindano. Unayakata kwanza au unayalaza kwa kiganja kutoka mbele. Nilimsafishia. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Mume wangu akaacha kutengeneza baiskeli siku nzima, akanijengea meza ya saruji yenye mteremko kidogo, maji yashuke yenyewe kwenye shina la mpapai. Mpapai huo haujawahi kukosa matunda. Paka wa mtaa wananiheshimu kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Hapo uani niliona mengi. Niliona kambare waliofika wakiwa hai ndani ya ndoo, wanarukia miguu ya wateja. Huyo msugueni kwa majivu au pumba za mpunga, ute wake hautoki kwa maji, na jihadharini na mwiba ulio kando ya pezi lake la mbele, uvimbe wake unakaa siku mbili. Niliona kamongo, ambaye hata akikatwa kichwa anaendelea kuwa na maoni. Niliona sangara mkubwa kuliko meza, ameletwa kwa bajaji kama mgeni rasmi. Niliona bwana mmoja aliyeleta sato aliyekaa siku mbili ndani ya mfuko wa plastiki, akaniuliza kama nina dawa. Nilimwambia dawa ipo, ni jembe, amfukie.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mwalimu Limi, anayefundisha shule ya msingi. Alikuwa anaishi na baba yake, Mzee Maduhu, aliyehamia kwake kutoka kijijini baada ya kufiwa na mkewe. Zamani mzee huyo alikuwa mpokeaji wa pamba kwenye kituo cha kununulia. Wakulima walipoleta magunia yeye ndiye aliyekuwa anasema hii safi, hii fifi ya daraja la chini, hii ina mchanga irudi nyumbani kwao. Wengi walimchukia kwa heshima. Nilipomfahamu, mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, meno yalibaki manne, na chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mnofu wa sato uliochemshwa na nyanya. Kila Jumamosi Limi aliniletea samaki wawili, na kila Jumapili mzee alikula baada ya ibada.

Limi alikuwa mchangamfu, mwenye ulimi. Siku moja alichukua mfuko wake wa minofu, akaupimapima mkononi, akatazama beseni langu la mifupa.

"Mama Holo, hivi samaki wangu ana ugonjwa gani? Anaingia hapa mnene, anatoka amekonda."

Wateja wengine walicheka. Nami nilicheka.

"Mwalimu, mifupa ina uzito."

"Haya. Lakini hiyo mifupa yako naona imenenepa kuliko mimi."

Ulikuwa utani, na alipoondoka alikuwa ameshausahau. Mimi sikuusahau. Nilitazama beseni langu, nikaona kweli kwenye ukanda kuna nyama, na kwenye uti wa mgongo kuna nyama, na nikasikia neno ambalo hakuna aliyelitamka. Mwizi. Mlioishi mji mdogo mnajua neno hilo linavyotembea, halihitaji miguu.

Jumamosi iliyofuata uani palijaa. Limi alisimama mbele yangu, anaongea na simu. Nilitoa minofu kwa kukwaruza mfupa mpaka ukabaki kama chanuo. Nilipofika kwenye ukanda, nilisita. Kisha nikaukata mwembamba, uzi tu, ili aone nyama yote imeingia mfukoni mwake. Nilipitisha kidole haraka nikitazama watu, nikamkabidhi. Aliupimapima mfuko.

"Leo amenenepa!"

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Jumapili mchana niliona bodaboda imepita kwa kasi, Limi amekaa nyuma, katikati yake na dereva yuko mzee amejishika shingo. Jirani alinieleza yaliyotokea. Mwiba ulimkwama kooni kwenye tonge la tatu. Kabla ya hospitali, wenye nia njema walimmezesha tonge la ugali mkavu ili liusukume mwiba, na tonge likausukuma kweli, likauchomeka vizuri zaidi. Msifanye hivyo kamwe, wala msimruhusu mtu afanye. Mpelekeni mgonjwa kwa daktari akiwa na mwiba mmoja na koo lisiloguswa. Daktari alimtoa mwiba kwa koleo, na mzee akarudi nyumbani baada ya siku tatu, hai, sauti imekwaruzika.

Lakini hakurudi kwenye chakula. Limi alikuja kunisalimia, bila samaki. Alisema mzee hataki kuona wala kunusa samaki. Nyama haiwezi, meno hayapo. Anakunywa uji nusu kikombe, anajaribu mlenda, anauacha. Suruali imeanza kufungwa kwa kamba.

"Daktari anasema koo limepona," Limi alisema. "Kilichobaki ni woga. Anasema kila tonge analisikia lina mwiba. Hata uji, Mama Holo. Uji!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ni bahati mbaya tu. Samaki ana miiba, ndivyo Mungu alivyomuumba."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Hakunilaumu. Hakuna aliyejua. Ningeweza kusema ndivyo, mwalimu, ndivyo alivyoumbwa, na kisu changu kingeendelea kuheshimiwa. Siku nne nilikaa kwenye mlango huo. Ya tano nikaenda.

Mzee Maduhu alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, redio mapajani, haijawashwa. Nilimsalimia. Alijua sauti yangu.

"Wewe ndiye kisu."

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kukwambia mwiba ule haukuwa bahati mbaya. Kuna ukanda lazima utolewe, na mimi niliuacha."

"Hukuujua?"

"Niliujua."

"Ulikuwa na haraka?"

"Hapana. Niliogopa mwanao asinione mwizi wa nyama."

Ndani, Limi alikuwa anaosha vyombo. Nilisikia maji yakiacha kumwagika. Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti, akakisukuma kufungua. Ndani, juu ya pamba kidogo, ulilala mwiba. Ulikuwa mfupi kuliko njiti, umepinda kidogo, mweupe, safi kabisa.

"Kwa hiyo uliogopa jina," alisema, "ukanipa mimi hiki." Kisha akacheka kicheko kikavu kilichomkohoza. "Wakulima wangu walikuwa hivyo. Anajua kuna mchanga kwenye gunia, lakini mbele ya watu hawezi kusema. Unajua nilivyokuwa nawakamata? Sikutazama. Pamba ukiitazama, weupe unakudanganya. Nilikuwa naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nafumba macho. Niletee mnofu Jumamosi. Mbichi."

"Utakula, baba?"

"Nimesema uniletee. Sijasema nitakula."

Jumamosi nilimpelekea mnofu mmoja kwenye sahani. Aliosha mikono, akapitisha kidole cha shahada taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha akarudi kinyume. Akasimama. Akavuta. Akaweka kitu kwenye ukingo wa sahani.

"Huyu hapa." Akaendelea. "Na dada yake."

Nilidhani nimeusafisha. Miiba miwili, nami nina macho mawili na miaka yote ile. "Mpe paka," alisema.

Jumamosi ya pili aliupata mmoja. Jumamosi ya tatu hakupata mwiba, alipata gamba. Alilinyanyua juu kati ya vidole viwili. "Hiki nini, kucha yako?" Paka akala tena. Limi alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee anaanza kuuliza leo siku gani, na Ijumaa anaosha mikono mapema. Lakini alikuwa bado anakonda. Usiku wa Ijumaa hizo sikulala vizuri. Mchana nilifumba macho juu ya meza yangu, mbele ya wateja, kidole kikitembea juu ya nyama baridi kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba asiyoijua. Wengine walidhani nasali. Sikuwasahihisha.

Jumamosi ya nne alipitisha kidole mara tatu. Akageuza mnofu, akapitisha upande wa pili. Limi alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni.

"Hakuna," alisema mzee, kwa sauti ya mtu aliyekosa mchezo. "Limi, chemsha. Nyanya, na chumvi usiifiche."

Sahani ilipokuja, tuliketi, mimi na yeye. Aliisukuma mbele yangu.

"Anza wewe."

Mnaijua desturi hiyo kwenye pombe, mpishi anaonja kwanza ili mgeni anywe kwa amani. Kwenye samaki sikuwahi kuiona. Nilinyoosha mkono, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo bado linanichekesha: miaka yote ile, sikuwahi kula mnofu nilioutoa mwenyewe. Minofu ilikuwa ya wateja. Mimi nilikula vichwa na mifupa, ambako mtu anajua kabisa kwamba kuna mwiba na anautafuta kwa ulimi kabla ya kumeza. Sasa niliweka mdomoni nyama laini, ya kuaminiwa, na kinywa changu kikaogopa. Nilitafuna kama mtu anayevuka shamba la mbigili bila viatu. Koo lilikataa, nikalilazimisha. Ilishuka.

Mzee alikuwa anasikiliza.

"Umesikia woga?"

"Nimeusikia, baba."

"Basi," alisema, akavuta sahani. Alichukua tonge dogo, akalishika mdomoni muda mrefu mpaka Limi akaanza kulia bila sauti. Akameza. Akapapasa koo. Kisha akachukua la pili.

"Chumvi haitoshi," alisema.

Tangu hapo sheria za meza yangu zikabadilika, na ndizo mlizozikuta. Mfupa si wa kisu tena. Kichwa, mifupa na ukanda vinaingia kwenye mfuko wa pili na vinarudi kwa mwenye samaki, afanye mchuzi au awape bata, ili kisu kikate panapostahili bila kuogopa macho ya mtu. Kila mnofu unapitiwa na vidole viwili vya watu wawili tofauti, macho yamefumbwa. Ndiyo maana nilianza kutafuta wa kunisaidia, na ndivyo ninyi mlivyokuja, mmoja baada ya mwingine, na Kabula wa kwanza, akitokea Nassa kando ya ziwa, akijua samaki kuliko mimi na asijue kunyamaza hata kidogo. Na mara moja kwa mwezi anayetoa minofu anaila mwenyewe. Mnalalamika kwamba ni kwa ajili ya kubana matumizi. Si kwa ajili hiyo.

Mzee Maduhu aliishi mpaka akaongeza tundu la mkanda upande wa nje. Alifariki kwa uzee, kitandani, tumbo limeshiba. Baada ya matanga Limi aliniletea kiberiti. "Alisema ni cha kisu," aliniambia.

Sasa ile sababu ya kuacha kazi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, sato wa kawaida. Nilitoa minofu, nikafumba macho, nikapitisha kidole, nikasema safi. Nikamsukumia Kabula apitishe kidole cha pili. Niliendelea na samaki mwingine, lakini masikio yalinishtua: Kabula alikuwa kimya. Nikamtazama. Alikuwa amefunga kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia alikuwa anaufunga mnofu haraka.

"Nini hicho?"

"Magamba tu, mayu."

"Fungua mkono."

"Mayu, ni magamba."

"Kabula. Fungua."

Alifungua. Ulikuwa umelala kwenye mstari wa kiganja chake, mweupe, umepinda kidogo, mfupi kuliko njiti. Niliugusa kwa ncha ya kidole changu cha shahada, kile kile, na sikusikia kitu. Niligusa tena. Ilikuwa kama kugusa kupitia kitambaa. Maji baridi, chumvi na miaka vilikuwa vimekula kidole taratibu, nami sikuwa nimejua, kwa sababu kidole kinachokufa hakiumi.

Kabula alikuwa analia. Alisema hakutaka wateja wasikie, hakutaka niaibike mbele ya watu. Nikavua aproni, nikaifuta meza sehemu yangu, nikasuuza kisu kwenye ndoo ya tatu na kukiweka mbele yake. Sikuwa na huzuni nyingi. Meza ilikuwa imefanya kazi yake: kidole cha kwanza kilikosea, cha pili kikaona, na mtoto wa mtu alikula chakula chake salama siku ile bila kujua chochote.

Lakini kile kiganja kilichofungwa, Kabula, sijakisahau, na si kwa sababu kilinikosea. Nilikifahamu. Kilikuwa changu, siku ile Limi aliposema leo amenenepa.

Kiberiti kipo rafu ya juu, karibu na kopo la chumvi. Sasa kina miiba miwili: wa mzee na wangu. Ukipata wa tatu, uwe wa mwenzako au wako, usiufungie kiganjani. Uweke mezani, kwenye ukingo wa sahani, kila mtu auone. Kisha fumba macho, anza tena kichwani.